Radosh na Neno Lisilotajwa Uwanjani

Emmett Radosh alianza redioni kwa kusoma bei za nguruwe na majina ya waliofariki. Baadaye akapewa kutangaza besiboli, na tangu kabla sijazaliwa ndiye macho yetu hapa Marlow Creek. Mama humsikiliza akipiga pasi. Hata waliokaa uwanjani huja na redio ndogo, maana bila Radosh ni kama hawajaona vizuri.

Sasa, kuna mwiko. Mrushaji akifika mbali na mpira wake haujapigwa vizuri hata mara moja, hakuna anayelitaja jambo hilo, eti ukilitaja bahati yake inakatika. Wenzake humkimbia kwenye benchi kama ana ndui. Radosh hakuujali.

"Msikilizaji wangu Lazlo ni kipofu, yuko nyumbani, haoni ubao wa matokeo," husema. "Nimfiche kwa nini?"

Jumamosi kijana wetu Tully Dombek alirusha hivyo mpaka zamu ya mwisho. Haverty, mwenye kituo cha redio, akaingia kwenye kibanda cha mtangazaji. Tulimsikia, dirisha liko juu ya viti vyetu.

"Radosh, ukilitaja nakufukuza."

Radosh akavuta maikrofoni. "Wasikilizaji, Tully Dombek hajapigwa hata mara moja leo."

Mpira uliofuata ulipigwa, ukapita katikati ya uwanja, peupe kabisa.

Jioni ile baa ilikataa kumwuzia bia. Mjane Kostka alimfuata barabarani. "Mchawi wewe! Umemroga mtoto wa watu!"

"Mama Kostka, ningejua uchawi, timu hii ingeburuza mkia mwaka mzima?"

Jumapili Haverty alimsubiri kibandani. "Utaomba radhi hewani sasa hivi. La sivyo, hapa huna kazi."

Radosh akawasha maikrofoni. "Hali ya hewa nzuri, upepo unatoka mtoni. Kuhusu jana: mpira ulipigwa na gongo, haukupigwa na mdomo wangu. Siombi radhi. Nikiona tena, nitasema tena."

Haverty akazima matangazo. Redio zote zikanyamaza pamoja.

Timu ya wageni wakapiga zamu yao, wakatoka bila kitu. Tukavumilia. Kisha mpigaji wetu akaupiga mpira juu, ukapotelea kwenye jua karibu na mstari wa mpaka wa uwanja.

"Umeingia?"

"Umetoka!"

"Nani kasema?"

Hakuna aliyejua. Mjane Kostka akasimama. "Haverty! Mrudishe mchawi wetu!"

"Si ulimtukana jana, mama?" mtu akamcheka.

"Na leo nitamtukana! Nitamtukanaje kama simsikii?"

Miguu ikaanza kupiga mbao, viti vyote, mpaka vumbi likatumwagikia vichwani. Haverty akachungulia dirishani, akatutazama, akawasha matangazo.

Radosh hakumshukuru mtu. "Mpira uliingia ndani," akasema. "Na kwa taarifa yenu, mrushaji wetu leo hajapigwa hata mara moja."

Uwanja mzima ukaguna. Haverty akashika kichwa.