Sikio Lililobaki

Kwetu Kisarawe tulikua tukizungumza bila sauti. Mama aliacha kusikia nikiwa darasa la tatu, akawa anasoma midomo, nasi watoto tukaona kupiga kelele ni kujichosha bure. Unachezesha midomo tu, taratibu, naye anakuelewa. Majirani walisema ni jini la ukoo. Jini gani? Mimi nilijua tu kwamba mama yangu hasikii, na kwamba wenye maneno wana maneno yao.

Kisha sikio langu la kushoto likafa. Nilikuwa nimeshahamia Misugusugu, nafanya kazi ofisini Kibaha, na watu wakidhani naringa kwa sababu wakinisalimia upande huo sigeuki. Kipimo kikaonyesha uvimbe kwenye mishipa ya fahamu ya kusikia, pande zote mbili. Ugonjwa wa kurithi, kutoka kwa mama. Uvimbe wa kulia ulikuwa bado mdogo.

"Tukiutoa sasa, sikio linaweza kupona," daktari aliniambia. "Linaweza pia kuondoka. Tukiuacha ukue, hatutakuwa na cha kuokoa."

Akanieleza watakavyofanya. Nitachomwa sindano ya usingizi, lakini sikioni wataweka kitu kidogo kinachotoa mlio, tik, tik, tik, na kompyuta itaonyesha kama mshipa unaitika. Ukianza kunyamaza, mkono wa daktari unasimama. Subhanallah! Yaani mimi nimelala fofofo, fuvu limefunguliwa, na sikio langu lipo kazini. Na mshipa wenyewe hauzidi unene wa tambi. Niliogopa, sikatai, lakini mshangao uliizidi hofu.

Nilipozinduka, mdogo wangu wa kike alikuwa ameniinamia. Midomo yake ikacheza: "Dada, unanisikia?"

Sikusikia kitu. Nikafumba macho, machozi yakanitoka. Basi, nikajisemea, yamekwisha, na mimi nimekuwa kama mama.

Ndipo ndala zikaburuzwa sakafuni, kwa uvivu, mpaka kichwani pangu.

"Dada, usilie, utapandisha presha," nesi akasema.

Nikafumbua macho, nikamgeukia mdogo wangu. "We kichaa! Mbona hutoi sauti?"

Akajishika mdomo. Tangu asubuhi alikuwa amejiandaa kwa mabaya, na hofu ilimrudisha kwenye mazungumzo ya nyumbani bila mwenyewe kujua. Nilimtukana, kisha tukacheka hadi mshono ukanivuta. Nesi akatishia kumfukuza.

Siku ya tatu mama akaletwa kutoka Kisarawe. Nikamwamkia, akaitikia, akanishika shavu.

"Unanisikia?" Wodi nzima iligeuka kwa ukubwa wa sauti ile.

"Nakusikia, mama. Vizuri kabisa."

Aliitazama midomo yangu, akanifanya nirudie. Akajifuta macho kwa upindo wa khanga.

"Hebu niambie, mwanangu," akasema. "Sauti yangu siku hizi ikoje?"

Nilimsogezea sikio langu la kulia. Nikamwomba aendelee kusema.