Jua la Bwera Nililolitangaza Kitandani

Jamani, acheni nijicheke kabla hamjanicheka. Kwa miaka mingi nilitangaza redioni habari za soko la Bwera nikiwa kitandani Kasese. Nani angejua?

Kisha bosi akatuingiza kwenye vyombo vipya vya habari. "Maana yake, msikilizaji anajibu papo hapo," alisema. Nikatikisa kichwa kama msomi.

Ijumaa nikaegemeza simu kwenye beseni, nikarusha video moja kwa moja mtandaoni, kwa mazoea yaleyale ya redio: "Wapenzi wasikilizaji, niko katikati ya soko la Bwera, jua linachoma!"

Wa kwanza kujibu alikuwa mke wangu, anayeuza nyanya sokoni hukohuko: "Baba Biira, huku iko mvua. Na hiyo neti ya mbu nyuma yako nilisema ufue!"

Wa pili alikuwa bosi, neno moja tu: "Fua."