Kitambaa cha Mbung'o

Mama Mitego alikuwa na mdomo, na sisi wa sokoni tuliujua vizuri. Jina alipewa na wateja. Yeye ndiye fundi aliyeshona mitego ya mbung'o, vile vitambaa vya rangi ya buluu na nyeusi vinavyotundikwa kwenye vijiti kando ya kichaka. Mbung'o wanapenda buluu kama watoto wanavyopenda sukari, na wakitua, dawa iliyolowekwa kwenye kitambaa inawamaliza. Mtego usipokuwepo wanahamia kwa ng'ombe na kumwachia nagana, ugonjwa unaomkausha mnyama huku majani anakula.

Basi mitego ikaanza kuibwa. Kitambaa kilikuwa kizuri, na binadamu ndiye huyo. Mama Mitego akatoka kwenye kibanda chake cha cherehani, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, akapaza sauti.

"Mwizi wa mitego yangu, ng'ombe wake ndiye atangulie kufa! Nimesema!"

"Dada, punguza," alisema muuza nyanya. "Laana haina macho."

"Ya kwangu ina miwani!"

Tukacheka hadi mbavu zikauma. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Haikupita wiki, akaitwa kwa binti yake, aliyeolewa ng'ambo ya kijito na kujifungua juzijuzi tu. Ng'ombe wa binti huyo alikuwa mgonjwa. Ng'ombe huyo alikuwa mmoja tu, tena mwenye mimba. Mama Mitego alimnunua kwa jasho la cherehani ili mjukuu asije akakosa maziwa.

Alimkuta amesimama uani, kichwa chini, manyoya yamesimama, machozi yakimchuruzika. Bwana mifugo alimfunua kope, na ndani palikuwa peupe.

"Sindano nimemchoma," alisema, "ila damu imekwisha mno. Akilala chini, tusidanganyane. Na mtego wa kijitoni anakokunywa maji umebaki vijiti vitupu."

"Mwizi huyohuyo!" Mama Mitego aliwaka. "Mkono wake na—"

"Mlaani, mkwe wangu," alidakia mama mkwe wa binti. "Hata sisi tunamtafuta."

Akaingia ndani kumwona mjukuu huku bado anafoka. Mlangoni mwa chumba cha binti lilining'inia pazia la buluu. Alilishika ili apite, na vidole vikagusa pindo. Kwenye pembe palikuwa na uzi mwekundu, umepigwa msalaba. Hakuna fundi mwingine aliyemalizia pembe namna ile.

Aliingia, akakaa kitandani kando ya binti yake.

"Mama, usipige kelele," binti alinong'ona, mtoto yuko kifuani. "Mama mkwe yuko nje."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Nilikuwa nanyonyesha peupe, mama. Mashemeji wanapita hapo, wageni wanapita hapo. Ulisema utanishonea pazia. Tangu harusi ulisema. Kila nikikukumbusha, kazi nyingi." Alifuta pua kwa kiganja. "Nikajua mitego iko mingi, mmoja hautaleta shida. Na nimelifua vizuri, dawa isije ikamdhuru mtoto."

Kila neno lilikuwa kweli. Mama Mitego alifungua khanga aliyojitanda, akaifunga mlangoni, akalikunja lile la buluu na kulibana kwapani.

"Hilo umelitoa wapi?" mama mkwe aliuliza uani.

"La kwangu," alisema, akapita haraka.

Kijitoni mbung'o walimvamia kabla hajafunga pembe ya kwanza. Alipoinua kitambaa, kikanukia sabuni, harufu safi ya nguo za mtoto. Dawa yote ilikuwa imekwenda na maji. Kukitundika hivyo ni kuwaita mbung'o na kuwaacha waende zao wakiwa wazima. Alikishusha, akarudi nacho.

Ng'ombe alikuwa amelala chini.

Akavunja tawi, akachuchumaa kando yake na kuanza kumpepea ubavuni, akiwafukuza inzi wasiokuwa na kosa lolote. Bwana mifugo alikuwa anafunga mkoba wake bila kumtazama mtu.

"Mama," binti aliita kutoka nyuma ya khanga, "bado amesimama?"

Mama Mitego aliendelea kupepea.

"Nyonyesha, mwanangu," alisema.