Mwito wa Mteremkoni na Jicho la Mwanahawa

Ninayo siku moja ya mteremkoni ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, na kwa kuwa majina nayo hayajanitoka, ngoja kwanza nikutajie waliokuwepo. Juu nyumbani, hapa Newala, alikuwepo mama yangu, Mama Salumu, mimba yake imekaribia kufika. Pembeni yake shangazi Fatu, dada wa baba. Ukingoni, pale njia inapoanza kushuka, alisimama Rukia, binti wa huyo shangazi Fatu. Kona ya kwanza alikuwepo Maurus, mtoto wa jirani yetu mwalimu wa dini aliyehamia kutoka Lukuledi. Wao Wakristo sisi Waislamu, lakini moto tuliazimana. Kona ya kati nilikuwepo mimi, Abiba, na mama mzaa baba, Bibi Somoe, aliyekuwa ametua mtungi akipumua. Chini kabisa, kisimani, kaka yangu Salumu, na Bibi Nambunga, mkunga wetu. Wanawake waliokuwa foleni ya maji ninawajua pia, lakini nikiwataja wote hatutafika.

Siku hiyo imenirudia kwa sababu ya mjukuu wangu Mwanahawa, mtoto wa binti yangu Zuhura wa Masasi. Huyu anasoma Dar es Salaam, chuo kikuu, na anachosoma ni mwanga. Siyo mwanga wa jua. Ni ule unaopita ndani ya mkongo, hizi nyaya za kioo zilizofukiwa kando ya barabara ya Masasi, nyembamba kama unywele, zinazobeba simu zetu. Msimu wa korosho uliopita alikuja kunisalimu. Shikamoo nikaiitikia, akaketi, akaanza kunisaidia kutenga korosho na mabibo. Kila akinyonga korosho moja, mbili zinamdondoka.

"Una nini?" nikamuuliza.

"Sirudi chuo, Bibi. Nitakaa hapa tuokote korosho."

"Korosho gani? Wewe unaokota pamoja na majani. Utanifilisi."

Akacheka kidogo, halafu kicheko kikageuka. Nikamwacha alie. Ukimkatiza mtu kilio anakibeba, na sikutaka arudi nacho Masasi kwa mama yake.

Alipotulia akaniambia kinachomtesa. Nami nitakwambia kama nilivyoelewa. Shule yangu unaijua, ilikuwa fupi. Alichukua tochi yangu akaiwasha na kuizima, akaiwasha na kuizima. "Mkongo unaongea hivi, Bibi. Kuwaka kuna maana yake, kuzimika kuna maana yake. Ila huku ni haraka mno, jicho lako haliwezi kuona. Sasa, safari ikiwa ndefu mwanga unachoka. Tena unatanuka. Mwako mmoja unampanda mgongoni mwenzie, na huyo naye anampanda wa mbele yake. Ukifika mwisho huwezi kujua wapi uliwaka, wapi ulizimika."

"Si muuongezee nguvu?"

"Tunauongezea. Na uchafu wake nao unapata nguvu."

Hapo nikaacha korosho. Akaendelea, hakuniona. Akasema kwenye vituo vya njiani mara nyingi wanaugeuza mwanga kuwa umeme, wanausafisha, kisha wanaugeuza tena kuwa mwanga. Inakula muda, inakula umeme. Yeye na mwalimu wake wanatafuta namna ya kuusafisha mwanga kwa kutumia mwanga mwenzie, hapohapo unapopita, bila kuusimamisha. Ndiyo kazi aliyopewa, na mwaka mzima inamgomea. Wenzake wameanza kumwita Mwanahawa Giza.

Akanionyesha picha kwenye simu. Michirizi mingi imelaliana, kama kapu lililosukwa na mlevi.

"Hili tunaliita jicho," akasema. "Miako yote inapangwa juu kwa juu. Ikiwa safi, katikati panabaki uwazi, unaona kabisa jicho limefunguka. Langu hili. Limefumba. Kila siku limefumba."

"Basi ngoja nikusimulie la kwetu," nikamwambia. "Halafu ukitaka kubaki na korosho, nitakupa kapu."

Wewe uliyezaliwa bomba likiwa limeshafika, huwezi kuijua ile njia. Huku juu mvua inanyesha lakini ardhi inayanywa maji yote, kisima hakuna. Maji yalikuwa chini bondeni, upande wa Ruvuma. Unashuka alfajiri, unapanga foleni, unajaza mtungi, unapanda nao kichwani mpaka magoti yanaongea yenyewe. Kwa hiyo mtu akihitajika juu, hatukumtuma mtu kushuka. Tulipokezana mwito. Aliyepo ukingoni anaita, aliyepo kona anapokea anaita, mpaka kisimani. Wazee wetu walikuwa na utaratibu wake, nasi watoto tuliuona wa kizee. Tulikuwa tumeugeuza mchezo, kutwa kuitana na kutaniana mteremkoni, mpaka wanawake wa kisimani walikuwa hawageuzi shingo tena.

Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa mzito, kona kwa kona hatuonani. Mama akashikwa na uchungu kabla ya siku iliyotarajiwa, na Bibi Nambunga alikuwa tayari ameshashuka na ndoo yake. Mtoto akatanguliza miguu. Shangazi Fatu akamtuma Rukia ukingoni na maneno haya: Bibi Nambunga apande sasa hivi, Mama Salumu anajifungua, mtoto ametanguliza miguu.

Rukia aliogopa. Akayamwaga yote kwa pumzi moja. Maurus hakungoja yaishe, alipopata vipande viwili akaanza kupiga kelele juu ya sauti yake. Mimi nikapokea kilichonifikia, na kikohozi cha Maurus kikiwemo, nikakitupa chini kwa nguvu zangu zote. Bonde likaturudishia mwangwi. Rukia akadhani hatujamsikia, akaanza upya. Nasi tukaanza upya, kila mmoja akizidisha sauti. Ukisikiliza kutoka chini, ilikuwa kelele moja ndefu isiyo na mwanzo.

Salumu akajibu kutoka kisimani, "Niniii?"

Na mwanamke mmoja, simtaji maana wajukuu zake wapo, akasema kwa sauti hata mimi nikasikia, "Waacheni! Watoto wa juu leo wameshiba mihogo."

Wakacheka kule chini. Na mama yangu yuko juu anapigania roho yake.

Bibi Somoe akasimama. Kiganja chake nakihisi hapa mdomoni mpaka leo, kina baridi ya mtungi. "Abiba, nyamaza." Nikajitetea, nikasema, Bibi, hawasikii, inabidi tuongeze sauti. Akanitazama. "Sauti unayo. Masikio umeyaacha wapi? Unamtupia Salumu maneno na matope yake, halafu unataka ayanywe."

Akapiga kofi moja kubwa, akaita juu neno moja: "Kimyaa!" Akangoja. Maurus akalipokea, Rukia naye. Mteremko ukanyamaza. Mimi nataka tukimbie, tuite, tufanye chochote, na yeye anangoja mwangwi ufe. Mwanangu, kungoja kule kulinitisha kuliko zile kelele.

Kisha akaita, "Rukia, nipe kipande kimoja." Rukia akatoa: Bibi Nambunga apande sasa hivi. Maurus akakaa nacho mpaka kikaisha, ndipo akakitoa. Bibi Somoe naye akakaa nacho. Midomo ilikuwa inatikisika, anakichambua, anatoa kikohozi, anatoa woga wa Rukia, anatoa pumzi za Maurus. Halafu akakiita chini kikiwa kipya, utasema yeye ndiye wa kwanza kukisema. Akangoja. Kutoka chini Salumu akakirudisha vilevile. Ndipo akaomba cha pili.

Kilipofika cha tatu, cha miguu, kicheko cha kisimani kilikatika. Bibi Nambunga akaacha ndoo palepale kwenye foleni. Wanawake wakampokezana njiani, huyu anamshika mkono, yule anamsukuma kiunoni, akatupita kona ya kati bila hata salamu.

Mtoto akatoka. Hakulia. Mimi nilikuwa nimepanda nyuma ya mkunga, niko dirishani na Rukia, tumekatazwa kuingia, tunachungulia. Bibi Nambunga akampangusa, akampulizia, akamgeuza. Kimya. Halafu kile kitoto kikafungua jicho. Moja tu. Kikatutazama kama kinatuuliza kelele zote zile zilikuwa za nini. Ndipo kikalia, na mama naye akapona. Ndiye mdogo wangu, babu yenu Yusufu, anayelima korosho Lupaso, na leo ukiongea naye kwenye simu inabidi uiweke mbali na sikio.

Nilipomaliza, Mwanahawa alikuwa ameinama. Nikadhani nimemtibu. Akainua uso. "Bibi, hadithi nzuri. Lakini hilo tunalijua. Kunyamazisha, kuchambua, kupanga nafasi, kutoa upya. Ndiyo shida yenyewe ninayoshindwa kuifanya kwa mwanga."

Nikacheka mpaka mabibo yakamwagika. Kweli, nilitaka kumfundisha nini mtoto wa chuo? Kuhusu mwanga sijui kitu. Lakini nilikuwa nimemwona amekaa vile, na nilimjua.

"Sikukusimulia kuhusu mwanga," nikamwambia. "Nilikusimulia kuhusu mtu aliyekaa kona ya kati. Huyo haonekani na walio juu, haonekani na walio chini. Haoni mtoto akizaliwa, ndoo ya maji hapati. Wote wanamhimiza afanye haraka. Kule ukunguni anafikiri hakuna kitu kinachopita, kumbe kila kitu kinapita kwake. Wewe uko hapo. Sasa niambie, mwaka mzima huu, ulikuwa unasikiliza au ulikuwa unaongeza sauti?"

Akaokota korosho, akainyonga vizuri, haikudondoka.

"Nilikuwa naongeza sauti," akasema. "Wakinicheka naongeza. Mwalimu akiuliza matokeo, naongeza. Sijakaa hata siku moja nikautazama ule uchafu wenyewe nijue unatokea wapi."

"Na hilo jina la Giza?"

"Hilo ni kikohozi cha Maurus," akasema, tukacheka wote wawili.

Akarudi chuo. Sikumsukuma, alifunga begi mwenyewe. Miezi ikapita. Kila akipiga simu nilimuuliza vipi jicho, akasema limefumba, Bibi, lakini sasa najua kope lipi limelala. Sauti yake ilikuwa imeacha kukimbia. Juzi, niko nje naanika mihogo, simu ikalia ujumbe. Nikamwita mtoto wa jirani anifungulie. Ilikuwa picha. Michirizi ileile, safari hii imetulia, na katikati uwazi. Siyo mkubwa. Kama jicho la mtu anayeamka. Chini ameandika: "Bibi, limefunguka nusu. Mwite babu Yusufu umwonyeshe."

Nimemwonyesha. Amesema halifanani na jicho. Nimemwambia hata lake halikufanana.

Sasa, mwanangu unayenisoma, nasaha yangu ni hii, nami naisema wazi usije ukaitafuta. Siku hizi kila kitu kinakufikia kwa kasi, na wewe umepewa njia ya kukitupa mbele kwa kasi zaidi. Kabla hujakitupa, kishike kwanza. Kisikilize mpaka kiishe. Toa woga usio wako, toa kikohozi cha mwenzio, ndipo ukitoe kikiwa safi, na umwachie anayepokea nafasi ya kupumua. Na kazi yako ikikugomea, watu wakakucheka, usikimbilie kuongeza nguvu, wala usikimbie kona yako. Kaa. Tulia. Tazama uchafu unatokea wapi. Kuna mtu juu anakutegemea na kuna mtu chini anakungoja, hata kama ukungu umewaficha wote.

Mungu akupe masikio kabla ya sauti. Akupe Bibi Somoe wako wa kukuziba mdomo kwa upendo, na siku yako ikifika, akufanye wewe kuwa yeye kwa mtoto wa mwenzio. Kazi ya mikono yako ifunguke.

Na kama yupo aliyekuwa mteremkoni siku ile, au aliyesimuliwa na wazee wake, anisahihishe. Pengine Maurus alikuwa kona ya pili. Pengine Bibi Nambunga alitusalimu, mimi ndiye sikusikia. Juu ya Yusufu, mimi nasema lilifunguka jicho la kulia. Rukia, mpaka leo, anasema la kushoto. Yusufu mwenyewe asinibishie, yeye ndiyo kwanza alikuwa anafika.