Mafuta Niliyoyarudisha

Mimi nilisoma mpaka darasa la pili tu, na nyumba yangu ndiyo ya kwanza kwenye avenue yetu, yaani mtaa wetu, hapa Baraka, kuezekwa mabati ya rangi. Ninasema hili mapema ili mtu asifikiri anasoma habari za mjinga. Wale niliosoma nao Lubondja, waliofika mpaka diplome, wengine wao walikuja kunibebea matofali. Nilianza na bidoni moja, dumu la mafuta ya mawese kichwani, kutoka kijijini mpaka soko la Baraka, kwa miguu. Bidoni ikazaa bidoni, bidoni zikazaa mapipa, na mapipa yakapanda mtumbwi wa injini kwenda Uvira. Hakuna aliyenisukuma mgongo. Hakuna mjomba aliyenishika mkono.

Parsele, yaani kiwanja hiki, niliinunua kwa mzee mmoja wa ukoo wenye ardhi. Nilileta mbuzi, kitenge cha mke wake, na pombe ya ndizi. Tukala, tukanywa, mbele ya shefu wa avenue na mtoto mkubwa wa yule mzee. Mpaka tulionyeshana kwa kutembea: kutoka barabarani, kupita kwenye jiwe kubwa, mpaka bondeni kule nyuma. Kikaandikwa kikaratasi, mzee akatia dole, mimi nikaandika jina langu, maana jina langu ninajua kuliandika vizuri. Kuna watu waliniambia nipeleke ile karatasi kwenye biro ya ardhi ili nipewe sertifika, hati ya kumiliki. Niliwacheka. Baraka nzima ilijua parsele ile ni ya nani. Sura yangu ndiyo ilikuwa sertifika.

Mbele nilijenga nyumba kubwa. Nyuma kulibaki udongo mzuri, mweusi, na kibanda cha vyumba viwili nilichokuwa nimetumia wakati wa ujenzi. Ule udongo wa nyuma nilimwahidi binti yangu wa kwanza. Wazee wa ukoo wetu walinung'unika, mtoto wa kike apewe udongo namna gani? Niliwajibu kwamba huu si udongo wa babu yao, ni wa jasho langu, na jasho langu halichagui mwanamume au mwanamke. Walinyamaza. Nilikuwa na kawaida ya kunyamazisha watu.

Halafu akaja Mwalimu.

Alishuka kutoka milimani wakati wa vita, na mke, watoto wanne, na godoro moja lililolowa mvua. Alipata kazi kwenye shule ya msingi karibu na sisi. Nilimkuta amesimama barabarani akiuliza nyumba za kupanga, nikamwambia, "Kibanda hiki hapa. Ingia." Akauliza kodi ni kiasi gani, na tutaandika kontra, yaani mkataba, lini.

"Kontra ya nini?" nilimuuliza. "Mi sikujenga ili nikamue mutu mwenye anakimbia vita. Ikala."

Na alikaa. Alikuwa mtu mtaratibu, mwenye maneno ya kuchekesha. Jioni tulikula sahani moja. Mama yangu alipofariki, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kushika jembe kuchimba kaburi, na hakumpa mwingine mpaka shimo lilipomfika kiunoni. Ndugu zangu wa tumbo moja walikuwa wamekaa kivulini. Kwa hiyo mtu asiniambie leo kwamba sikumchunguza. Nilimchunguza mpaka kaburini.

Sasa lazima nieleze desturi yetu, maana mtu wa mbali hataelewa. Kwetu, mtu akikuazima shamba, anakuruhusu mihogo, mahindi, maharagi, karanga. Vitu vinavyong'oka. Mti hapandi mtu ambaye udongo si wake. Mgomba, mwembe, na zaidi ya yote mngazi, ule mti wa mawese, unakaa miaka mingi kuliko aliyeupanda. Anayekuachia upande mngazi amekuambia mbele za watu kwamba hapo ni pako. Na kama hakukupa udongo, basi kila mavuno unampelekea kitu kidogo, hata chupa ya mafuta, na yeye anapokea. Ile chupa ndiyo inasema nani ni mwenyeji na nani ni mgeni. Haya yote niliyajua. Nimezaliwa ndani yake.

Mwaka wa pili Mwalimu alinijia nikiwa na majirani uani, tunakunywa.

"Patro," alisema, maana wote waliniita hivyo, bosi, "niko na haya ya kukuuliza kitu. Huku nyuma udongo iko muzuri. Naweza panda mingazi mbili, tatu?"

Nilisimama. Nilikuwa nimeuza mapipa vizuri wiki ile. "Tatu? Panda kumi na mbili! Hapa ni pako na mimi. Leteni jembe!" Nikachimba shimo la kwanza mimi mwenyewe, na viatu vyangu vya ngozi miguuni, majirani wakapiga makofi.

Usiku ule ule mke wangu hakulala. "We mutu, ulilewa?"

"Sikulewa."

"Basi ni mubaya zaidi. Mihogo ungemupa, singesema kitu. Lakini mungazi? Na ule udongo ulishaahidia mutoto."

"Mama, Mwalimu ni ndugu."

"Ndugu zako wote niko nabajua," alisema. "Hakuna hata moja uliyemupa mungazi."

Miaka ikaenda. Mimi nilikuwa nikisafiri sana, Uvira, Kalemie, migodini Misisi, kote nikiuza mafuta. Mingazi ikakua. Ilipozaa mara ya kwanza, Mwalimu na mke wake walikata, wakachemsha, wakakamua, na Jumapili baada ya ibada wakaniletea bidoni nzima, wameifunga kitambaa cheupe. Uwanja ulikuwa umejaa watu. Mimi, mtu wa mapipa, naletewa bidoni!

"Mwalimu," nilisema kwa sauti ya kusikika, "unafikiri mimi nakosa kabidoni? Rudisha kwa batoto. Bakule na ugali."

Watu wakacheka. Mke wa Mwalimu akachukua bidoni akaiweka kichwani tena, wakarudi nyuma kwao. Nilijiona mtu mkarimu. Tangu siku ile hawakuleta tena, na mimi sikuuliza.

Halafu binti yangu akarudi kutoka Bukavu na mume wake. Walitaka kujenga nyumba na duka la vitambaa. "Papa, ile mahali yangu ingali?" aliuliza. Nikacheka, nikamwambia ipo. Nikaita vijana wawili wenye mapanga, nikaenda nyuma kumwarifu Mwalimu. Alikuwa anasahihisha madaftari ya wanafunzi mlangoni.

"Mwalimu, kesho bantu bangu banaanza kukata. Mutoto anataka kujenga."

Hakuinua kichwa. "Kukata nini, Patro?"

"Mingazi."

"Mingazi ya nani?"

Nikafikiri ni utani wake. "Ya baba yako!"

"Hapana," alisema, na akafunga kalamu. "Ya batoto yangu."

Nilikaa chini. Nilikaa pale pale kwenye udongo, mimi ambaye sikai chini mbele ya mtu. Sikumtukana siku ile. Nilimwangalia mikono yake, ile iliyochimba kaburi, na sikupata tusi linalotosha.

Tulikwenda barazani kwa shefu wa kartie, mkubwa wa kata nzima. Nilikwenda na kikaratasi changu na koti langu jipya. Nilisema kwa muda mrefu. Nilieleza tangu bidoni ya kwanza. Shefu alisikiliza, kisha akauliza swali moja: "Nani alipanda mingazi?"

"Yeye."

"Na shimo la kwanza?"

Nikakunja kikaratasi changu. Shefu wa avenue, yule aliyekula mbuzi wangu siku ya kununua, akakohoa. "Ni Patro mwenyewe. Tulikuwa pale. Alisema, hapa ni pako na mimi."

"Nilisema kwa mapendo!" nilipiga kelele.

"Ndiyo ile mapendo tunaongelea," mtu mmoja nyuma alisema, na baraza zima likacheka.

Kisha Mwalimu akasimama. Hakuongea kwa nguvu. Hajawahi kuongea kwa nguvu. "Bazee, mutu akilima kwa mutu, anapeleka kitu. Mi nilipeleka. Bidoni ya kwanza yote, hatukuonja hata kijiko. Akarudisha, mbele yenu. Nabauliza: mutu anaweza kurudisha mafuta ya udongo yake?"

Hakuna aliyecheka tena. Niliwatazama usoni mmoja mmoja, watu niliowanywesha, niliowakopesha mtumbwi, na niliona wameshakubali.

Sikukubali mimi. Nilitafuta avoka, wakili kutoka Uvira, mama mmoja kijana aliyekuja Baraka kufuata kesi nyingine. Aligeuza karatasi yangu pande zote mbili.

"Papa, kwa sheria yenye kuandikwa, mti haumpatie mutu udongo," alisema. Nikasogeza kiti karibu. "Lakini hata hii karatasi haikupatie. Udongo wote ni wa Leta, wa serikali. Hii inaonyesha tu kwamba ulinunua kwa muzee. Ilitakiwa uende nayo kwa biro ya ardhi, bapime, bakupe sertifika. Sertifika iko wapi?"

"Hakuna."

"Na Mwalimu, alikuwa lokatere, mupangaji yako? Kontra iko wapi?"

"Hatukuandika."

"Risi ya kodi?"

"Sikumulipisha."

"Hata siku moja? Hata kitu kidogo?" Aliniangalia kama mganga anayeangalia kidonda kilichochelewa. "Papa, lokatere mwenye kontra anaweza kukaa miaka makumi mbili, anabaki lokatere. Ungepokea hata chupa moja ya ile mafuta mbele ya bantu, ningekuwa na kitu ya kushika. Sasa tukienda tribinali, tunaweza shinda, lakini nani atakusemea?"

Mzee aliyeniuzia alikuwa amekufa. Mtoto wake alikuwa kambini Tanzania, hakuna anayejua ipi. Shefu wa avenue alikwishasema yake. Avoka akaniambia kesi inaweza kumaliza miaka, na wakati huo binti hatajenga hata choo. Shefu wa kartie alikuwa ametoa njia: parsele ikatwe vipande viwili, cha mbele kiwe changu, cha nyuma kiwe cha Mwalimu, na kila mmoja aende akapimiwe chake. Nilisaini. Mimi niliyeshinda maafisa wa bandari, askari wa vizuizi, na mawimbi ya ziwa, nilisaini mbele ya mwalimu wa shule ya msingi.

Tulipotoka, nilimshika mkono njiani. "Sema tu ukweli. Ulikuja na hii akili tangu siku ya godoro?"

"Hapana, Patro." Alisimama vizuri. "Siku ile ya bidoni, bibi yangu alilia mpaka asubuhi. Alikuwa amekamua siku tatu. Alisema, kumbe hata kushukuru hatuna ruhusa. Ni siku ile nilianza kusema moyoni kwamba ni yangu."

Watu wengine wakisikia hilo wanamhurumia. Mimi simhurumii. Mtu akikuumiza anakuambia umeniumiza. Haendi kuhesabu mingazi miaka na miaka huku anakula ugali wako. Mke wangu ananiambia maneno yale yana ukweli ndani. Ninamwambia akae na ukweli wake. Ninalojua mimi ni kwamba niliwaleta watu sita kutoka mvuani, na sasa kuna ukuta katikati ya uwanja wangu, na moshi wa mawese yao unapita juu ya ukuta kila mavuno.

Nilikwenda biro ya ardhi. Niliwaleta wapimaji, nikawalisha, wakasimika mawe kwenye pembe. Jirani wa nyuma ilibidi asaini kwamba mpaka ni ule. Akaja, akasaini, akaenda, hatukusalimiana. Sasa nina karatasi zenye mihuri kuliko mtu yeyote wa avenue hii. Yeyote anayetaka kuona, aje.

Binti yangu nilimpa upande wa barabara, ukumbi wangu wa kupokea wageni, auvunje afanye duka. Alifurahi sana, akanikumbatia. Nikamwambia asubiri kidogo. Nilikuwa nimemwita shefu mpya wa avenue na mashahidi wawili, na kontra ilikuwa tayari mezani: ukumbi ni wangu, yeye ni mpangaji, mume wake ni mpangaji, hawapandi kitu, na mwisho wa kila mwaka wataniletea kitenge kimoja na mimi nitakipokea.

Aliisoma mpaka mwisho. Yeye alisoma, nilimlipia mimi.

"Papa," alisema, "ulisema ni udongo yangu. Na mimi ni mutoto yako."

"Ndiyo, mama."

"Hata mimi?"

Mume wake aliangalia mlango. Mke wangu alitoka nje. Nilimsogezea kalamu.

"Hata we," nilisema.

Alisaini. Chakula kilikuwa tayari, sambaza, vile visamaki vya kukaanga alivyovipenda tangu utoto, lakini alichukua mkoba wake na mume wake, wakaenda kula kwa watu wengine.