Shangazi Alipokwenda Kununua Pasi

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na ukosi wa gauni lake haukosi sindano mbili: moja ina uzi mweusi, nyingine mwekundu. Hata harusini anakwenda nazo.

Juzi aliingia duka moja la vyombo vya umeme kununua pasi. Muuzaji, bwana mmoja wa suruali nyeusi ya kubana, akamsemesha Kiingereza. Shangazi akajikakamua, akamjibu kwa Kiingereza chake cha kuokoteza. Yule bwana akamgeukia mwenzake, akayarudia maneno ya shangazi kwa sauti ya puani, wakacheka meno yote nje. Mbele yake! Mtu mzima!

Shangazi hakubanduka. Akaonyesha kwa kidole pasi ya rafu ya chini kabisa. Muuzaji akainama huku bado anacheka, na suruali ikapasuka nyuma, charr! Kicheko kikakatika.

"Mama yangu," akanong'ona, mgongo ukutani, Kiingereza chote kimeyeyuka, "nisaidie, bosi yuko njiani."

"Vua," shangazi akasema.

Muuzaji akaivua suruali, akajificha nyuma ya friji na chupi yake, shangazi akaishona. Alipoivaa alishukuru nusura apige magoti, kisha akambebea pasi hadi mlangoni.

Nyumbani tulimjia juu. "Shangazi, mtu kakudhihaki, nawe unamshonea?"

"Sasa ningemwacha uchi?"

Akageuza ukosi tuone. Uzi mweusi ulikuwa mzima, haujaguswa. Mwekundu ndio ulikuwa umekwisha.