Jicho la Kushoto la Watasema

"Bibi, kama tongo za mbwa zinamfanya mtu aone wachawi, mbona mbwa mwenyewe haoni?"

Nilipokuwa mtoto wa darasa la nne, kwetu Ruponda, niliuliza hivyo. Baba mdogo alicheka. Bibi alinitazama kama nimetukana mbele ya wageni, akaendelea kupepeta ufuta.

Mbwa wetu aliitwa Watasema. Jina alipewa na Bibi, na kweli majirani walisema: mama wa sala tano na mbwa, wapi na wapi? Lakini nguruwe pori hawaulizi nani anasali. Bila Watasema, mihogo yetu ingekwisha yote.

Asubuhi hiyo, msimu wa kupulizia mikorosho, alikuwa amemfuata baba mdogo shambani. Mashine ikanguruma, salfa, dawa ya mikorosho, ikashuka kama vumbi la njano. Alirudi amefumba macho yote mawili, anajisugua uso mchangani. Kufika saa nne, tongo zilikuwa zimegandisha kope.

"Huyu kaona kitu," akasema baba mdogo. "Wenyewe wamemziba asiwataje."

Alisema hayo huku ananawa uso, salfa ikimtiririka shingoni! Hadi leo hilo linanikera.

Ndipo nikauliza swali langu. Na kwa kuwa halikujibiwa, nikachukua kopo, nikambana Watasema kichwa katikati ya magoti na kumwagia maji jicho la kulia. Kopo la kwanza, la pili, la tano, mpaka akalifumbua. Nilipomgeuza nianze la kushoto, Bibi akaniona.

"Wee! Acha hapo hapo! Hayo maji yakikurukia machoni utaona ya watu, uingie wazimu. Nani atakuoa?"

Nikaacha. Mimi ambaye leo chuoni nabishana mpaka wenzangu wanaomba poo, siku ile niliweka kopo chini.

Baada ya siku kadhaa bwana mifugo alipita kuchanja ng'ombe wa wafugaji waliohamia jirani. Akamshika Watasema taya, akapitisha kidole. Jicho la kulia likakifuata. La kushoto lilikuwa na ukungu mweupe kama tui.

"Salfa hii," akasema. "Hili liliwahi kuoshwa, eti? Lile lingine kioo chake kimeungua, kikafanya kidonda. Nawaachia dawa ya kupaka, lakini mmechelewa."

Alipoondoka, Bibi akaniuliza taratibu, "Ulipoliosha, uliona nini?"

"Nilimwona Watasema analia, Bibi."

Msimu uliofuata, kabla mashine haijawashwa, alikata kipande cha kanga kuukuu akamfunga mbwa kwenye nguzo ya jikoni, kwa mkono wake. Tongo hakuzigusa mpaka anafariki.

Nilimkasirikia miaka mingi. Siku hizi naona aliyaogopea macho yangu kama nilivyoyaogopea ya mbwa. Kinachoniuma ni kwamba alikuwa mbali, kule kwenye ufuta, hakunishika mkono. Ilikuwa sauti tu, na maji yalikuwa bado kwenye kopo.

Basi wewe wa Nachingwea, wewe wa Ruangwa, nakuomba. Ukitaka kupulizia, mfunge mbwa nyumbani kwanza. Salfa ikimpata, mpeleke kwa bwana mifugo siku hiyo hiyo. Lakini kabla hujatoka, chukua maji safi, mengi, umwoshe macho. Yote mawili.